Alhamisi ya Madam Luiza

Ringwani, alasiri

Robi mwanangu,

Lori la kijiji linapakia mahindi hapa mbele ya ghala, na dereva ameniahidi kwamba jua likishuka kidogo ataondoka kwenda Tarime, na barua hii ataifikisha kwa shangazi yako Bomani kabla hujalala. Kwa hiyo naandika nikiwa nimekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, karatasi juu ya sinia, jicho moja kwenye magunia. Yakibaki machache nitaandika haraka. Sasa hivi bado ni mengi.

Kesho unaondoka. Sitakuandikia habari za sweta, wala vidonge vya malaria, wala mahali pa kuficha pasipoti. Shangazi yako amekwisha kukuambia hayo yote, namjua, tena mara mbili mbili. Nataka kukuambia neno ambalo kesho stendi sitaweza kulisema, kwa sababu kutakuwa na watu na mimi nitakuwa nalia.

Tangu niolewe na Mwalimu Magori baada ya mavuno, hujala chakula pamoja nami. Siku ya harusi ulikuja, ulivaa vizuri, ulisimama nyuma ya kanisa kama mtu aliyekuja kumngoja mwingine. Ulimwamkia Magori, "Shikamoo Mwalimu," akakuitikia. Nilipokuletea sahani ukasema, "Nimeshiba, mama." Ulikuwa umetoka Musoma alfajiri na hukuwa umetia kitu mdomoni. Sasa unakwenda Marekani kufundisha Kiswahili miaka miwili, na mimi nimebaki na hilo neno lako. Ninaosha vyombo nalisikia. Nikilala nalisikia. Nataka kesho ule na mimi, na mume wangu akiwepo. Ndilo jambo lote. Mengine nitakayoandika ni njia ya kufika hapo.

Kwanza niache nikuambie nilivyo, kwa kuwa hukuniuliza. Nina furaha, Robi. Najua mwanamke wa umri wangu anatakiwa kuolewa kimyakimya, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Mimi siwezi. Asubuhi mume wangu ananichemshia maji ya kuoga, mwanamume mzima mwenye mvi, anayabeba kwenye ndoo hadi bafuni, kisha ananiita kwa jina langu. Wegesa. Miaka mingi nimekuwa mke wa Chacha, kisha mjane wa Chacha, kisha karani, kisha Mama Robi. Jina langu lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Siku ya kwanza aliponiita hivyo niligeuka kutazama kama kuna mwanamke mwingine nyuma yangu. Jioni akitoka shuleni husimama kwanza pale kwenye mti wa mwisho wa barabara, anajipangusa vumbi la viatu kwa jani, anadhani simwoni. Namwona. Nasimama nyuma ya mlango nikimwangalia mzee anayejipangusa viatu kwa ajili yangu, na moyo wangu unaenda kama wa msichana wa bweni.

Lakini furaha hii sina wa kumwambia, na hilo sikulitegemea. Nilidhani mtu akifurahi upweke unakwisha. Hapa nyumba zetu zimepangwa mistari kama zilivyopangwa siku ya kuhamia kijijini, ukifungua mlango unaona mlango wa mwenzako, na bado naweza kukaa toka asubuhi hadi adhuhuri bila mtu kunijia. Lugha yao inakaribiana na yetu, lakini haikaribii kutosha. Kisimani wanawake wanacheka na mimi nacheka nikiwa nimechelewa. Wananipenda, nadhani. Wananiita "mgeni wa Mwalimu". Kutoka Gorong'a, kwa baba yako, hajaja mtu hata mmoja kuniona. Wake za baba zako wadogo, niliolima nao na kufua nao, hawajatuma hata salamu. Siwalaumu. Najua jinsi wanavyosema, kwamba mke aliyetolewa ng'ombe ni wa boma lile hadi kufa, na kwamba mimi nimetoka kama mtu aliyeota ndoto.

Ndiyo maana siku hizi namkumbuka sana Madam Luiza.

Wewe ulikuwa mtoto wa darasa la pili, sijui unakumbuka kiasi gani. Baba yako alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Tulikuwa tukiishi kwa babu yako, Mzee Marwa, na mimi nilikuwa karani kwenye shule ya sekondari, napiga taipu barua za mkuu wa shule kwa sababu nilikuwa mwanamke pekee pale aliyemaliza sekondari. Madam Luiza alikuja kutoka Marekani kufundisha Kiingereza na hisabati. Alikuwa mrefu, anatembea haraka hata asipokuwa na mahali pa kwenda. Bibi yako akampa jina Bhoke, na yeye akalipokea kwa furaha, akawa anajitambulisha kwa watu njiani, "Mimi Bhoke," na ng'ombe wanampisha.

Kila jioni alipita bomani kwetu. Babu yako alimpa maziwa ya mgando kwenye kibuyu na hakukubali alipe. Alikuwa anasema, "Mtoto wa watu hawezi kulala na chai." Madam alimpenda. Aliniambia kwamba baba yake mwenyewe hamwandikii barua, ni mama yake tu anayeandika, na mwisho wa barua anaweka "baba anakusalimu" kwa mwandiko uleule.

Ulipofika mwezi wa kumi na moja, akabadilika. Akawa anakaa ofisini kwangu baada ya vipindi, hana shughuli, anapindapinda karatasi za kaboni. Nikamuuliza, "Madam, unaumwa?" Akasema hapana. Akasema kwao kuna sikukuu inakuja, ya Alhamisi, siku ya shukrani. Si ya kanisa, si ya serikali hasa, ni ya nyumbani. Watu wanasafiri kutoka mbali, wanakula ndege mmoja mkubwa, kisha kila mtu mezani anasema kitu kimoja anachoshukuru. Siku hiyo barabara zinakuwa tupu. Alisema, "Hapa Alhamisi hiyo nina vipindi vitano." Hakulia. Alisema tu, kama mtu anayesoma ratiba.

Hilo nataka ulishike, kwa sababu litakukuta. Haitakuwa Krismasi itakayokuumiza, Krismasi nao wanayo. Itakuwa siku ya Saba Saba, ambayo kule itakuwa siku ya kufua nguo. Utaamka ukijua leo ni siku kubwa, utatoka nje, na hakuna hata mmoja atakayekuwa na habari.

Nilimwambia, basi tuifanye hapa. Ndivyo nilivyo, unanijua, moyo unatangulia mbele. Nilipokuwa bweni nilisoma kwenye vitabu habari za familia zinazokaa kwenye meza moja ndefu, baba, mama, bibi, wajukuu, taa katikati, na nilikuwa natamani kuiona meza hiyo kwa macho yangu. Madam akaniuliza, "Kwenu, siku ya familia, wanaalikwa nani?"

Nikasema, "Wote wa nyumbani."

Nilijua ninachosema, mwanangu. Nilijua kwamba mkwe na mke wa mtoto wake hawali pamoja, hawaketi pamoja, yeye haingii nyumbani kwangu na mimi simpiti mbele akiwa na chakula. Tangu niolewe nilikuwa sijawahi kuona mdomo wa babu yako ukitafuna. Lakini nilifikiri nyumba ya mgeni haina sheria zetu. Nilifikiri haya ya heshima ni kitu unachokiacha nje kama viatu.

Ndege alipatikana kwa mfugaji mmoja upande wa Sirari. Bata mzinga. Alikuja juu ya baiskeli, kwenye kapu, kichwa kikiwa nje, na wanafunzi wakaacha bustani ya shule wakaja kumtazama. Alipofunguliwa akatembea uwanjani akiinua miguu polepole, ndevu zake nyekundu zinaning'inia. Mwalimu Magori, ambaye wakati huo alikuwa anafundisha kilimo, alisimama na jembe lake akasema, "Huyu mbona tunamfahamu. Si ndiye mkaguzi aliyekuja mwezi uliopita?" Hata mkuu wa shule alicheka, ingawa alijifanya anakohoa.

Bibi yako alimzunguka yule ndege mara kadhaa. "Ana ndevu, ana shanga za shingoni, na bado mnaniambia ni kuku," alisema. "Mimi tangu nizaliwe sijala kitu chenye mabawa. Sitaanza leo kwa Mzungu." Maana wanawake wa rika lake hawakula kuku wala mayai, na hakuona sababu ya kubadilika.

Madam alimpika kwenye sufuria kubwa la shule, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Aliponda boga akalitia maziwa na sukari, sukari ya mwezi mzima, na unakumbuka sukari ilivyokuwa haipatikani. Sebuleni kwake aliunganisha madawati matatu yakawa meza ndefu, akatandika mashuka yake meupe. Mbele ya kila kiti aliweka kijikaratasi chenye jina. Mimi niliziona hizo karatasi. Jina la Mzee Marwa lilikuwa kichwani pa meza, kiti cha heshima. Langu lilikuwa mkono wake wa kuume, kwa kuwa mimi nilikuwa mke wa marehemu mwanawe, na Madam aliona hapo ndipo panaponifaa. Nilikaa. Nilikaa nikiwa nimevaa gauni langu la kijani, nikangoja muujiza.

Babu yako alikuja amevaa koti na kofia, fimbo mkononi. Aliinama mlangoni, akaingia hatua moja, akaniona. Robi, sijui kama naweza kukueleza uso wake. Haukuwa na hasira. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyefungua mlango wa bafu akakuta mtu ndani. Akarudi nyuma ileile hatua moja.

"Karibu, baba," Madam alimwambia. "Kiti chako ni hiki."

"Asante, mwanangu Bhoke. Chakula ni kizuri. Mimi nimeshiba."

"Lakini hujala."

"Nimeshiba kwa macho," alisema, akatoka akasimama chini ya paa, ametupa mgongo.

Basi hakuna aliyekula. Walimu vijana hawakuweza kugusa kitu wakati mzee amesimama nje bila sahani. Bibi yako alikuwa hali ndege hata hivyo. Mimi nilikuwa nimeganda. Nyama ilipoa, mafuta yakaganda juu yake meupe, na Madam Luiza alikuwa amesimama na kisu mkononi anatuangalia mmoja mmoja. Kisha akakiweka kisu chini taratibu akaenda jikoni.

Nilimfuata. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mkaa, machozi yanamtoka. Akasema, "Kinanuka? Niambie kweli. Kinanuka vibaya?"

Nilitaka kumwambia, na Kiingereza changu chote cha bweni kikanikimbia. Magori ndiye aliyesimama mlangoni akasema, "Madam, tatizo si ndege. Tatizo ni meza."

"Meza imefanya nini?"

"Meza ni moja."

Madam akanitazama mimi. "Mzee anakuchukia?"

"Hapana," nikasema. "Ananiheshimu."

"Na wewe?"

"Mimi namheshimu zaidi."

Halafu akaanza kucheka, machozi bado yapo, akacheka mpaka akajiegemeza ukutani. Alisema kwamba kwao baba yake na ndugu wa baba yake walikosana juu ya mpaka wa shamba kabla yeye hajazaliwa, na kila mwaka Alhamisi hiyo wanaketi meza moja, wanakula, hawasemeshani neno, kisha wanaondoka. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini msiwape sehemu mbili wakala kwa raha?" Akasema, "Kwetu ni lazima tukae pamoja." Tukaangaliana. Nadhani hapo ndipo tulipokuwa marafiki hasa, mimi na yeye, juu ya lile gunia la mkaa.

Magori na wenzake wakabeba dawati moja wakalitoa nje, wakaliweka chini ya dirisha, ubavuni pa ukuta. Babu yako akaketi hapo na wanaume. Sisi wanawake na watoto tulibaki ndani. Dirisha lile lilikuwa na mlango wa mbao tu, likawa wazi. Kutoka nilipokaa niliona kofia ya babu yako na mabega yake, basi. Na watu wakala. Walimla yule mkaguzi mpaka mifupa. Bibi yako alikula boga akasema limeharibiwa kwa sukari, akaongezewa.

Kisha Madam akasema tushukuru. Akasimama karibu na dirisha ili ndani na nje wamsikie. Mwalimu mmoja alishukuru kwa mvua. Mwingine alishukuru kwamba kesho yake ni Ijumaa. Bibi yako alimshukuru Mungu kwa kuwa hakulazimishwa. Wewe ulishukuru kwa boga, mdomo umejaa. Madam alisema kwa Kiswahili chake, "Mimi nashukuru kwa meza mbili."

Halafu sauti ya babu yako ikaingia dirishani. Hakugeuka. Alisema, "Namshukuru Mungu kwa mke wa marehemu mwanangu. Mwanangu alikufa, na huyu hakuondoka."

Mimi nilijifunika uso kwa kitenge. Alikuwa hajawahi kunisemesha zaidi ya salamu, na salamu zenyewe kwa mbali. Sikujua kama ananiona. Siku ile nilifurahi kuliko siku niliyoolewa na baba yako, Mungu anisamehe na baba yako anisamehe.

Madam Luiza aliondoka mkataba wake ulipokwisha. Aliniandikia mara moja, kadi yenye picha ya theluji, kisha basi. Nilikuwa naye jirani miaka miwili, na sijui leo kama yu hai. Ukiona mwanamke mrefu anayetembea haraka bila mahali pa kwenda, msalimie tu. Natania. Marekani ni kubwa, najua.

Sasa, mwanangu. Baada ya harusi yangu ulinisindikiza hadi kwenye kona ya kanisa ukaniambia kwa sauti ya chini, "Babu alikushukuru kwa sababu hukuondoka. Nilikuwepo. Nilisikia." Sikukujibu. Nilikuwa bibi harusi, nilikuwa na maua ya karatasi kichwani, nilishindwa.

Jibu langu ni hili, nalo limenigharimu muda mrefu kulipata.

Mwaka uliofuata baada ya Alhamisi ile, Magori alipata uhamisho wa kurudi huku Serengeti. Mke wake alikuwa amefariki zamani. Alikuja ofisini kwangu, akasimama mbele ya mashine ya taipu, kofia mkononi, akaniuliza kama ningependa kuwa mke wake. Aliuliza hivyo tu, kwa adabu, na mimi vidole vilikuwa bado juu ya herufi. Nilimpenda, Robi. Nilikuwa nampenda tangu aliposema meza ni moja, na labda hata kabla, tangu mkaguzi. Nikamjibu, "Siwezi. Mimi nimekwisha kushukuriwa."

Alielewa. Hakuniuliza tena. Akaenda.

Nikabaki. Nilimtunza bibi yako mpaka tukamzika, nikamtunza babu yako, nikampelekea chakula kwa mkono wako ili asinione, nikakusomesha. Usidhani nilibaki kwa uchungu. Nililipenda lile boma. Lakini kulikuwa na jioni nyingi, wewe ukiwa shule ya bweni, nilipokaa peke yangu na taa ya chemli nikijiambia yale maneno ya dirishani kama mtu anayehesabu shanga za sala. Hakuondoka, hakuondoka. Maneno yalikuwa matamu na yalikuwa yananimaliza. Babu yako alishukuru kwa jambo lililokwisha kutendeka, siku moja, baada ya kula vizuri. Hakunifunga. Kamba niliichukua mimi mwenyewe nikajizungushia, na kwa kuwa nilikuwa na haya, na yeye alikuwa na haya, hakuna aliyeweza kumuuliza mwenzake kama kamba hiyo ipo. Laiti tungeweza kukaa meza moja, hata mara moja, huenda ningemuuliza. Huenda angesema nenda. Huenda angesema kaa. Sijui. Amekufa sijamuuliza, na hilo ndilo ninalojutia, wala si kuolewa.

Babu yako alipozikwa, Magori aliniandikia mistari michache. Alisema amesikia msiba, anatoa pole, na kwamba yeye bado yupo Ringwani kama alivyokuwa. "Kama alivyokuwa." Nilisoma hayo maneno mpaka karatasi ikalegea. Safari hii niliondoka. Niliondoka mchana, kila mtu ananiona, sanduku langu kichwani, na nilikuwa nalia na kucheka kama mwehu.

Kwa hiyo huko uendako, ikifika ile Alhamisi yao, chuo kitakuwa kitupu. Utasikia viatu vyako mwenyewe kwenye korido. Mtu anaweza kukualika, na ukienda uliza kwanza wanakaaje, nani na nani, kwa sauti ya kawaida tu, wasikie unauliza kwa sababu unawajali. Usipoalikwa, songa ugali wako, umwite mwingine aliyebaki, hata kama hamjui lugha ya kuongea. Mtakapofika kwenye kushukuru, mimi usinishukuru kwa kubaki. Nishukuru kwa kitu kingine. Nilikufundisha kusoma, nilikusuka nywele. Au nyamaza ule.

Nami sitakushukuru kwa kurudi kabla hujarudi. Ukipenda kukaa huko miaka mitatu, mitano, kaa. Ukiolewa na mtu mwenye baba asiyeandika barua, olewa. Nyumba itakuwa kimya sana, sitakudanganya. Tayari ni kimya, na bado uko Bomani, safari ya jioni moja tu kutoka hapa. Lakini hicho kimya ni changu, nitakaa nacho.

Magunia yamebaki yanayoweza kuhesabika. Nimalize.

Leo Magori ana wanafunzi wa mtihani mpaka jioni, kwa hiyo tutakuja alfajiri na gari la misheni linalopeleka wagonjwa. Jana alinikuta nachambua mtama wa ugali wako. Akasimama mlangoni, akauliza, "Kesho kutwa mimi nikae wapi?"

"Wapi kivipi?"

"Nafikiri nikae ng'ambo ya barabara, pale kwa fundi cherehani. Wewe na mtoto mle kwa raha. Basi likiwashwa nitakuja kumuaga."

Nikaendelea kuchambua. Alisema kwa moyo safi, Robi, angekaa kule kwenye vumbi, na njaa yake, na asingenilalamikia kamwe. Ilikuwa heshima, ileile niliyoizoea. Na karibu nikubali. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo kusema ndiyo, kwa ajili yako, ili uondoke bila donge. Kisha nikamwona ameketi kwa fundi, ametupa mgongo, mimi naona kofia tu na mabega.

Nimemwambia hapana.

Tutakuwa kwenye hoteli ya chai iliyo mkabala na stendi, meza ya ndani. Nitakuwa na kuku wa kukaanga, ugali wa mtama na muhogo, na maziwa ya mgando, ambayo huko hutayaona. Mimi na mume wangu tutakuwa upande mmoja wa meza, na upande wa pili utakuwa wako. Si lazima umwite baba. Mwalimu inatosha, ameizoea. Hatutafunua sahani mpaka ufike. Ukisimama mlangoni ukasema umeshiba, nitakufungia chakula chako kwenye majani, nitakushika mkono hadi kwenye ngazi ya basi, nitakubusu mbele za watu wote, na nitakupenda huko uendako kama ninavyokupenda sasa. Kisha nitarudi ndani kula naye.

Ila meza sitaihamisha.

Dereva ananiita.

Mama yako,
Wegesa